Mle Ndani Hamna Mtu

Nilipokuwa mtoto, mbele ya nyumba ya bibi yangu kulikuwa na kilima chenye tabia ya kuondoka. Unaamka asubuhi, kilima hakipo. Pale kilipokuwa jana pana weupe mtupu, kama mtu amemwaga maziwa. Wajukuu zangu wa mjini nikiwaeleza hivi wanacheka, wanasema huo ni ukungu tu. Najua ni ukungu. Lakini mtoto mdogo aliyesimama mlangoni akitetemeka kwa baridi ya Usambara hajui hivyo. Yeye anajua kwamba jana kulikuwa na kilima na leo hakuna.

Nilimuuliza bibi kilima kimekwenda wapi. Alikuwa anajitia ugoro puani, na ugoro haukatizwi, kwa hiyo nilingoja. Alipomaliza kupiga chafya akasema kilima kinaoga, na mtoto mwenye adabu hamkodolei macho mtu anayeoga.

"Sasa nitajuaje kama kiko?"

"Kwani wewe ndiye uliyekiweka pale?"

Huyo ndiye bibi, mzaa mama. Kijijini walisema alimfukuza mume wake wa pili kwa sababu ya kukoroma. Wengine walisema ni kwa sababu ya mbuzi mmoja aliyeuzwa kwa siri. Mimi habari hizo nimezichunguza kwa miaka mingi, na naamini la mbuzi.

Tulikaa kwake, mimi na mama, kwenye miteremko ya upande wa Bumbuli. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, bwana shamba akipita kila mara kuwahimiza watu wachimbe matuta, na watu wakimwitikia kwa heshima na kurudi kukaa. Baba alikuwa chini huko Korogwe, kwenye mkonge. Alikuja sikukuu kwa sikukuu, analeta sukari na kanga, anakohoa vumbi la mkonge, anaondoka. Mdogo wake mama, ambaye mimi nilimwita mama mdogo Rehema, alikaa nyumba ya jirani. Ndugu hawa wawili walifanana sauti hata mbuzi walichanganyikiwa. Tofauti yao ilikuwa moyo. Mama hakuogopa kitu. Mama mdogo aliogopa bundi, paka mweusi, ngurumo, na mama mkwe wake.

Nikafikia umri wa kuwekwa ndani.

Siku hizi haya yanaelezwa kwenye sherehe na muziki, lakini wakati ule msichana aliingia chumba cha ndani na mlango ukafungwa. Chumba chetu hakikuwa na dirisha. Ukuta mmoja ulikuwa wa nje, wa fito na udongo. Ukuta wa pili ulikuwa fito tupu, na nyuma yake walilala mbuzi, kwa sababu kwetu mbuzi walilala ndani kama watu wengine. Moshi wa jikoni ulipanda darini kwenye mahindi, ukishakinai mahindi unanishukia mimi. Mwali haoni jua. Mwali haonwi. Alfajiri nilitolewa uani nikiwa nimefunikwa shuka gubigubi, nikaona vidole vyangu vya miguu na umande, nikarudishwa. Mwali hasikii habari mbaya, maana ikimwingia wakati ule haitoki tena. Na jina lake halitajwi. Akija mgeni akaulizia, anajibiwa, "Mle ndani hamna mtu."

Siku ya kuingia, mama ndiye aliyenifunga kitambaa kichwani. Alisimama mlangoni, mwanga nyuma yake, ungo kwapani. Akanitazama, akatabasamu kidogo kwa upande mmoja wa mdomo, akafunga. Bibi ndiye aliyeingia baadaye kunipa masharti, na la mwisho alilisema akiwa amenishika kidevu.

"Jicho la mwali ni bichi. Usichungulie nje. Ukichungulia kitu ukiwa humu, kitu hicho kinakwenda."

"Kinakwenda wapi?"

"Kinakwenda. Lakini usichokiona hakikudhuru wala hukidhuru. Kinakaa pale pale ulipokiacha. Umesikia?"

Nilisikia. Nilikuwa mtoto wa kusikia.

Sasa nikuambie siri ya chumba kile, ambayo hakuna aliyeifikiria. Ukiwaambia watu kila siku kwamba mle ndani hamna mtu, mwishowe wanaamini. Wanawake walikuja kukaa barazani, mgongo kwenye ukuta wangu, wakasema kila kitu. Nilijua nani amemdhulumu nani mpaka wa shamba. Nilijua mke wa mwalimu anasuka nywele za bandia. Nilijua mtoto wa tatu wa fulani, sitamtaja kwa sababu wajukuu zake wapo na ni wakali, hakufanana na baba yake hata kwa kivuli. Nikakaa gizani nimekunja miguu, nikiyanywa. Sijawahi kushiba umbea tena kama mwaka ule.

Lakini umbea una mwisho, na giza halina. Baada ya muda nilianza kujishika mikono kuona kama ipo. Nje walicheka, waligombana, waligawana ndizi, na katika kugawana hawakuhesabu fungu langu kwa sauti. Siku moja mgeni aliuliza, mama Shabani jirani yetu akajibu haraka bila kufikiri, "Hamna mtu," na mgeni akaitikia "Haya," wakaendelea na habari ya mahari. Nilitaka kukohoa, nijisikie. Sikukohoa. Nikajiuliza, kama hawa wote hawanioni na mimi siwaoni, nani kati yetu yuko?

Aliyenishika nisipotee ni mama. Sheria ilimkataza kuongea na mwali katika siku zile za mwanzo, na mama sheria hakuivunja, aliizunguka. Kila alasiri alileta maharage yake, akakaa nje ya ukuta wangu, akapukuchua kwenye ungo, akaongea na maharage.

"Nyie maharage, mmekula leo?"

Kisha ananyamaza. Nami nagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, mara moja tu, taratibu, udongo usibomoke. Hapo ndipo anaendelea. "Haya. Maharage yangu yana adabu. Baba yenu ameleta salamu." Nilidhani hakuna aliyejua habari ya kugonga ila sisi wawili. Wanawake wengine walimwona mtu anayesemezana na mboga, wakamsitiri.

Ukuta ule ulikuwa na tundu. Udongo ulianguka kati ya fito mbili, mtu akaliziba kwa gunzi la mahindi. Nilijitahidi siku nyingi nisiliangalie gunzi lile. Mwishowe nilisema nitachungulia kitu kidogo tu, kisicho na thamani. Nikalichomoa. Mwanga ukanichoma jicho. Nikaona kinu, njia ya kushuka mtoni, na kuku wa bibi mwenye manjano shingoni, anatembeza vifaranga. Nikaziba.

Jioni ile kipanga alimchukua kuku yule. Si kifaranga, kuku mwenyewe. Nilisikia kelele, nikamsikia bibi akitukana angani. Nilikaa nimejifunika uso kwa mikono miwili, jicho langu la kulia nikilihisi limevimba kwa uovu. Tangu hapo sikuhitaji mtu wa kunikataza. Nililikandamiza gunzi mpaka likabana.

Kisha mama akaanza kukohoa.

Mwanzoni alikohoa katikati ya maneno, na maharage yakasubiri. Akasema, "Nyie maharage, baridi ya mwaka huu ina meno." Siku iliyofuata alikohoa zaidi kuliko alivyosema. Na siku moja alasiri ikaja, ungo haukuja. Nilisikia hatua nyingi uani, wanaume, sauti za chini, kitu kizito kinainuliwa, na mtu akasema, "Shika vizuri upande wa kichwa." Halafu kimya. Hata mbuzi walinyamaza.

Bibi alipoleta chakula nilimuuliza mama yuko wapi.

"Yuko."

"Mbona hakuja?"

"Kula."

Siku chache zikapita hivyo, na wanawake hawakuja barazani. Hilo lilinitisha kuliko yote, maana kijiji kisichosengenya kina jambo. Ndipo asubuhi moja nikasikia mchi kwenye kinu. Mama alitwanga kwa namna yake, mapigo mawili mazito, moja jepesi, na kupumua. Nikasikia mawili mazito, moja jepesi, na kupumua. Nikasikia kikohozi chake. Nililia kwa furaha, nikajifuta kwa shuka bibi asione.

Alasiri ungo ukaja. Maharage yakaanza kudondoka.

"Nyie maharage, mmekula leo?"

Nikagonga ukuta.

Sauti ikaendelea bila kungoja. "Mmekula eeh, vizuri, vizuri, leo kuna jua." Haraka haraka, kama mtu anayesoma kwa kuogopa mwalimu. Nikagonga tena. Maharage yakadondoka, tik, tik, tik. Sauti ilikuwa ya mama. Kikohozi cha mama. Kila kitu kilikuwa pale isipokuwa yule anayengoja.

Nikashika gunzi.

Hapo sasa ndipo mtego ulipo. Ikiwa ni mama, nikimtazama atakwenda kama kuku. Ikiwa si mama, basi mama hayupo, na nikitazama nitakuwa nimelijua. Nisipotazama, yuko na hayupo. Nilikaa nimelishika gunzi mle tunduni mpaka jasho likalilowesha. Mlango umefungwa kwa nje, jicho langu ni sumu, na upande wa pili wa udongo, hatua moja kutoka kwangu, sauti ya mama inaniongopea au hainiongopei.

Nikasema nitatazama miguu tu. Miguu si mtu mzima.

Nikachomoa. Niliona ungo, nikaona kanga ya mama, ile ya zambarau aliyoletewa Idi. Na chini ya kanga nikaona miguu ya mama mdogo Rehema, vidole vimetawanyika kama tangawizi.

"Mama mdogo," nikasema.

Alipiga ukelele, ungo ukaruka, maharage yakatapakaa hadi kwenye kinu. "Ameniona. Mama, mtoto ameniona mimi. Nakufa." Bibi akaja anakimbia. Nilisikia akimwambia, "Kufa kimya kimya basi, watu wasikie nini?" Mama mdogo alikwenda kulala kwake akingoja kwenda. Aligawa vyombo vyake. Sufuria kubwa alimpa mama Shabani, na kuipata tena baadaye ilikuwa kazi. Niwaambie tu kwamba alikufa mwaka juzi akiwa bibi kizee asiye na jino hata moja, akiwa ametuzika karibu wote. Nilipomuuliza bibi mbona jicho langu halikumpata, alisema, "Ulimtazama miguu. Si unaona alivyougua magoti maisha yake yote?" Na kweli aliugua magoti.

Lakini siku ile bibi aliingia chumbani, akafunga mlango, akakaa chini juu ya mkeka mkabala nami. Hakunifokea. 

"Bibi, mama yuko wapi?"

 Akatoa kikopo cha ugoro, akakirudisha bila kuvuta.

"Mara ya mwisho umemwona wapi?"

"Hapo mlangoni. Siku naingia."

"Alikuwa na nini?"

"Ungo. Kwapani."

"Alikutazama?"

"Alinitazama."

"Basi yuko hapo hapo. Nilikuambia nini? Usichokiona kinakaa pale ulipokiacha. Wewe kazi yako usichungulie tena." Akachukua gunzi kutoka mkononi mwangu, akaliingiza tunduni mwenyewe, akaligonga kwa kiganja mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Nikamwamini. Hapana, niseme ukweli wangu wa uzeeni, niliamua kumwamini. Nilipewa kazi, na kazi ile niliifanya kwa mwili mzima. Sikuchungulia. Alfajiri nikitolewa nilifumba macho hata chini ya shuka. Nilimshikilia mama pale mlangoni, mwanga nyuma yake, kwa kutokumtazama, kama mtu anavyobeba maji kichwani bila kuyagusa.

Na bibi akaanza kuja kila alasiri, wakati ule ule wa maharage. Hakuwa na chakula mkononi, hakuwa na mafunzo ya kunipa. Alikaa mkekani akauliza, "Mama yako sasa hivi anafanya nini?"

 Nikajibu, "Anapepeta."

"Amevaa ipi?"

"Ya zambarau."

"Ana hasira?"

"Anamcheka mama mdogo."

Bibi akacheka. Akacheka mpaka akashika ubavu, akasema, "Ndiyo tabia yake, tangu mdogo, anamcheka mwenzake anavyoogopa bundi." Akanihadithia mambo ya mama alipokuwa msichana, jinsi alivyoingia chumba hiki hiki na kuwafundisha mbuzi kula kitambaa cha kungwi. Kesho yake akaja tena. "Anafanya nini leo?" Nikisema ameinama shambani, anauliza amelima mpaka wapi. Nikisema amekaa, anauliza, kwa nini, amechoka? Nikisema hapana, amekaa tu, anaridhika.

Siku zangu za kutoka zikafika, zikapita. Nilisikia wanawake wamerudi barazani, na safari hii walinong'ona. Mama Shabani alisema, "Mwali huyu ataota mizizi. Mwambieni bibi yake amtoe." Mwingine akasema, "Nani wa kumwambia?" Mama Shabani akajibu, na ndiye wa mwisho niliyemsikia kabla hawajakumbuka kuhama ukutani, "Watu wamechoka kumeza. Watu wanataka kulia."

Nilisikia. Nimeshasema nilikuwa mtoto wa kusikia. Nikageukia upande wa mbuzi.

Mahindi yaliyokuwa yanachanua nilipoingia yalikuwa yamevunwa siku bibi alipokubali. Walinitoa asubuhi, nimefunikwa, wakaniogesha mtoni, wakanipaka mafuta, wakanivika kanga mpya. Nyimbo ziliimbwa, ila wanaoimba walikuwa wanaukimbiza wimbo uishe. Wakanisimamisha uani. "Inua uso, mwali," wakasema. Sikuinua. Nilitazama udongo. Niliona miguu ya wanawake imenizunguka, na ilikuwa mingi, na nilikuwa naijua yote. Nikaisoma mguu kwa mguu, polepole, nikairudia. Kisha nikainua uso, kwa sababu hapakuwa na wa kumlinda tena.

Kilima kilikuwepo. Siku ile hapakuwa na ukungu kabisa.

Ndipo wakalia. Kilio cha kijiji kizima kilichokuwa kimefungiwa pamoja nami kikatoka mara moja, mama mdogo akaanguka kifuani pangu, wakaanza kunieleza wote pamoja. Kichomi. Walimbeba kwa machela kwenda hospitali, Bumbuli. Hakuiona jioni ya siku ya pili. Alizikwa huko kwa mjomba wake, baba alikuja kutoka mkonge, akazika, akarudi, nami sikusikia hata kikohozi chake. Matanga yalikaliwa ng'ambo ya mto ili sauti isinifikie. Kijiji kizima kilikaa siku zote zile kikiishi kana kwamba yuko, na mdogo wake akavaa kanga yake na kutwanga mapigo yake, machozi yakidondokea kwenye mahindi tuliyoyala.

Mjukuu wangu mmoja aliyesoma sana aliniambia kwamba wako wazee wa Ulaya waliogombana kutwa nzima kama kitu kipo pale mtu asipokitazama. Nilimuuliza kama hao wazee walikuwa na wake. Hakujua. Mimi sina elimu ya kuwaamulia. Najua kwamba mama alikuwa kaburini, na kaburi halikuningoja mimi nilijue. Bibi mwenyewe alishanijibu zamani, si mimi niliyekiweka kilima pale. Lakini najua pia kwamba muda ule wote palikuwepo mahali pamoja duniani ambapo mwanamke yule alikuwa bado amesimama na ungo kwapani, na mahali hapo palikuwa chumba kisicho na dirisha, na ufunguo wake ulikuwa mimi.

Nilimkasirikia bibi, msidhani sikumkasirikia. Nilimtafuta pale uani, katikati ya kilio, nimwambie. Hakuwepo kati ya wanaolia. Nilimkuta chumbani mwangu, amekaa mkekani upande wangu, mgongo kwenye ukuta, giza limemfunika mpaka kifuani. Ni hapo, nikiwa nimesimama mlangoni na mwanga nyuma yangu, ndipo nilipoona kwamba mwali hakuwa mimi peke yangu. Mimi mama nilimzaa kwa kuota tu mle gizani. Kwa bibi alikuwa mtoto wa kuzaa. Na nje, kila bibi alipokanyaga, mama alikuwa amekufa.

"Funga mlango," akasema.

Nikafunga. Nikakaa pale alipokuwa akikaa yeye. Nje walikuwa wananiita, na mtu mmoja akauliza kama nimeingia ndani, na mwingine, kwa mazoea tu, akajibu kwamba mle ndani hamna mtu.

Bibi alikuwa ananitazama, au anatazama ninapokaa, sikuweza kuona. Hakuuliza. Nadhani aliona haya kuuliza, mtu mwenye ulimi kama wake. Basi nikasema mwenyewe.

"Anapukuchua maharage, Bibi."

 Kisha nikasikia, nyuma ya mgongo wake, kifundo cha kidole chake kikigonga ukuta mara moja, taratibu, udongo usibomoke.